Tamasha la Desemba na Mtoto wa Februari

Desemba inapokaribia, Nairobi huingia katika msimu wa hisani. Viwanja vya shule zilizofungwa, kumbi za makanisa na maegesho ya maduka makubwa huwekwa mahema na viti vya kukodi, na watu wenye kazi zao za kila siku, wakiwemo walimu, makarani, wahasibu na akina mama wa vyama vya kuweka akiba, hujitokeza kuuza pilau, chapati, keki na tiketi za bahati nasibu kwa ajili ya watoto waliolazwa ambao hawajawahi kuwaona. Hawalipwi kitu. Wengi wao hutoa hata nauli mfukoni. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, na kwa sababu hiyo nataka kuijadili kwa uzito inaostahili. Maoni yangu ni kwamba tamasha la kuchangia hospitali ya watoto lisipimwe kwa kiasi kinachotangazwa jukwaani usiku wa mwisho. Lipimwe kwa swali moja gumu zaidi: kati ya watoto waliokuwa wakitibiwa Desemba, wangapi bado wanahudhuria kliniki ifikapo Februari?

Ninautaja mwezi huo kwa makusudi. Januari hutanguliwa na nauli za kurudi kutoka mashambani, kisha huja karo, sare na vitabu, na kufikia Februari nyumba nyingi za Wakenya zimebaki mikono mitupu. Wahisani nao wamechoka kuombwa. Maradhi ya mtoto, hata hivyo, hayafuati kalenda hiyo. Saratani ya damu ya aina inayowapata watoto wengi zaidi hutibiwa kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu, kwa awamu zinazofuatana, na awamu ikirukwa ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mkaidi kuliko mwanzo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa wenye shabaha ya kufikisha angalau asilimia 60 kufikia mwaka 2030. Mtu akisoma takwimu hizo haraka anaweza kudhani tofauti yote inatokana na mashine na madaktari bingwa. Sehemu kubwa ya tofauti inatokana na jambo lisilopigwa picha: watoto wanaoanza matibabu na kuyaacha njiani.

Tuna ushahidi wa hapa nyumbani. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ukiwahusu watoto waliogunduliwa kuwa na saratani kati ya 2007 na 2009, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao waliacha matibabu kabla ya kumaliza. Waliofariki wakiwa bado wanahudumiwa walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliopotea hivyo. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba watoto ambao familia zao zilikuwa na bima ya afya ya taifa walikuwa na matokeo bora kuliko wasio nayo. Kila kamati ya tamasha inapaswa kuyasoma matokeo hayo kabla ya kukodi hema la kwanza, kwa maana yanaeleza waziwazi mahali ambapo shilingi ndogo inaweza kumwokoa mtoto.

Fikiria mama anayemleta mwanawe katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta akitoka Kitui au Busia. Ana mfuko wa plastiki wenye karatasi za rufaa, majibu ya maabara yaliyokunjwa mara nne, kadi ya kliniki na stakabadhi za malipo, na kila dirisha analofika anautandaza wote upya kaunta. Usiku hulala kwenye kiti kando ya kitanda cha mtoto, na nguo anazifua bafuni na kuzianika anapopata nafasi. Nyumbani ameacha watoto wengine kwa nyanya yao. Kibanda chake cha mboga kimefungwa tangu aondoke. Siku daktari anapomwambia arudi baada ya wiki tatu, mtu mwingine angesikia habari njema, bali yeye anapiga hesabu ya nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na vipimo atakavyotakiwa kulipia kabla mtoto hajatundikiwa dawa. Akirudi mara tatu bila kukwama, ni kwa sababu ameuza kitu. Mara ya nne hana tena cha kuuza. Mama huyu hajamtelekeza mwanawe, na neno lolote linalomtupia lawama halimtendei haki.

Kuna hofu nyingine ambayo wahisani huisahau, nayo ni hofu ya kuzuiliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua, katika kesi iliyowasilishwa na wanawake wawili waliowahi kuzuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa bili, kwamba kuwazuilia wagonjwa kwa sababu hiyo ni kukiuka haki zao. Uamuzi huo ulikuwa wa maana sana. Ila mzazi aliyesikia kwa jirani kwamba mtoto fulani alikwama wodini wiki kadhaa baada ya kupona hasubiri kusoma hukumu. Huamua kutorudi, na mtoto hulipa gharama ya uamuzi huo.

Kwa hiyo fedha za tamasha zinapaswa kuanzia wapi? Ningeanza na bima. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, iliyokuwa bima ya afya ya taifa, na kaya zisizo na mshahara wa kila mwezi hukadiriwa kulipa asilimia 2.75 ya mapato yao, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Kwa kawaida mtu wa jua kali hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo ndio unaowashinda wengi ambao shilingi 300 za mwezi wasingezikosa. Familia inayofika wodini bila bima hai ikilipiwa mwaka huo siku ileile, inapata mlango ambao baadaye hata mchango wa laki kadhaa hauwezi kuufungua kwa wepesi. Bima haigharimii kila kitu na ina kikomo chake kwa kila kaya. Ndiyo maana fungu la pili linapaswa kuwa la nauli, chakula na malazi ya mzazi, likiwa mikononi mwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na likitolewa kidogokidogo mwaka mzima. Simu ya kumkumbusha mzazi siku ya kliniki na nauli ya kwenda na kurudi iliyotumwa kwa M-Pesa jioni ya kuamkia safari ni matibabu kama matibabu mengine.

Najua kamati nyingi hazipendi kusikia hivyo. Nauli haizinduliwi. Hakuna utepe wa kukata wala kibao cha kubandika ukutani chenye jina la mfadhili, na ni rahisi zaidi kuwaeleza watu kwamba wananunua mashine au wanajenga wodi. Sipingi majengo. Hospitali ya watoto ya Gertrude's iliyoko Muthaiga ilianza mwaka 1947 kwa hisani ya mlowezi Ewart Grogan, aliyeitoa kwa kumbukumbu ya mkewe. Kule Eldoret, hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa mwaka 2015 kwa michango ya watu wengi, wakiwemo wanariadha, na bila jengo hilo kanda nzima ya Magharibi mwa Kenya ingekuwa na hali ngumu zaidi. Hata hivyo kila jengo, likishasimama, huanza kudai mishahara ya wauguzi, umeme, dawa, oksijeni na mafundi kila mwezi bila kukosa. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London ilifunguliwa mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10 na kuishi kwa michango kwa karibu karne nzima, hadi mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilipoubeba mzigo wa uendeshaji. Hisani ilifungua mlango, na kodi ndiyo iliyouweka wazi.

Hapo ndipo linapozuka pingamizi zito kuliko yote: je, tamasha haliipunguzii serikali aibu? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Sheria ya bima ya afya ya jamii yenyewe inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza. Basi kwa nini mwalimu wa Umoja au karani wa Industrial Area auze keki ili kulipia kile ambacho kodi yake imekwisha kulipia?

Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, na sidhani linajibiwa kwa kusema tu kwamba mtoto hawezi kusubiri, ingawa kweli hawezi. Jibu langu ni kwamba tamasha likishughulikia mambo ya pembezoni mwa kitanda, ambayo bajeti ya wizara huyafikia kwa shida, linaisaidia serikali bila kuisamehe. Likianza kununua glavu, sindano na dawa za msingi za wodi ya umma, linaisamehe. Mpaka huo uandikwe katika katiba ya kamati, na hospitali ikiomba msaada wa vitu ambavyo vilipaswa kuwemo kwenye bajeti yake, kamati iulize kwanza vilikwenda wapi. Kamati iliyokutana na wazazi mwaka mzima inajua mengi kuhusu mianya ya SHA na ucheleweshaji wa malipo kwa hospitali, na inapaswa kuyafikisha kwa wabunge na kaunti kwa maandishi.

Wakenya wana sababu zao za kuishuku michango. Harambee, neno lililomo katika nembo ya taifa, ilijenga shule na zahanati nyingi baada ya uhuru, kisha kwa miaka mingi ikageuka kuwa ukumbi wa wakubwa kutangaza bahasha zao. Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza marufuku ya maafisa wa serikali na watumishi wa umma kushiriki harambee, na kwamba tangazo la namna hiyo lilihitajika ni dalili ya jinsi hali ilivyoharibika. Nguvu ya tamasha la kujitolea iko katika kinyume cha bahasha: tiketi ndogo, nyingi, zilizonunuliwa na watu wasiotajwa majina. Mbio za Mater Heart Run, zilizoanza mwaka 1993 kwa ajili ya watoto wenye maradhi ya moyo, zilikuwa somo kubwa kwa jiji hili kwa sababu familia nzima ilinunua fulana na kutembea pamoja, na hakuna aliyeulizwa ametoa kiasi gani. Mfano huo unaonyesha pia kwamba mambo hayaishii kwenye upasuaji. Mtoto ambaye vali za moyo wake ziliharibiwa na maambukizi ya koo yasiyotibiwa huhitaji, hata baada ya kufanyiwa upasuaji, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Sindano hiyo ni ya bei nafuu. Kuifikia kila mwezi bila kukosa ndiko kugumu.

Tiketi ndogo zinadai uangalifu mkubwa. Niliwahi kukaa kwenye meza ya kuhesabia jioni ya tamasha, na sijui mahali panapoeleza tabia ya kamati kuliko pale. Noti za 50 na 100 huja zimekunjwa na kulowa jasho, sarafu za 5 na 10 hujaa ndoo, na mikono iliyochoka hutamani kumaliza haraka. Kamati nzuri huwaweka watu wawili wasio na udugu kwenye kila boksi, kila boksi lina namba na karatasi yake, jumla huandikwa kwa kalamu na kusainiwa na wote wawili kabla boksi jingine halijafunguliwa, na fedha hulala benki usiku huohuo au asubuhi ya kazi inayofuata. Siku hizi malipo mengi huingia kwa namba ya Paybill, na hilo limepunguza vishawishi, mradi namba hiyo isajiliwe kwa jina la chama wala si simu ya mweka hazina.

Kuna dai moja linalorudiwa katika mabango, kwamba kila shilingi inakwenda hospitalini. Nashauri liachwe. Mahema, vyoo vya kukodi, walinzi, vibali vya kaunti na gari la wagonjwa la dharura vyote vina bei, na kama mfadhili ndiye aliyelipa, basi tuambiwe ni mfadhili. Hata kazi ya kujitolea ina gharama. Mwenye mshahara hutoa Jumamosi yake, lakini mama anayeuza mboga Kangemi akitoa Jumamosi anatoa mapato ya siku yenye wateja wengi kuliko zote. Tusipomrudishia nauli na kumpa chakula cha mchana, kamati itabaki ya watu wa mitaa ya kitajiri tu, na watu hao, pamoja na nia njema yote, hawajui safari ya kutoka Kitui inagharimu nini. Ningependa kuona angalau theluthi ya kamati ikiwa ni wazazi waliowahi kulala kwenye kile kiti cha wodini. Katika eneo la Salt Lake City, jimbo la Utah nchini Marekani, watu wa kujitolea wameendesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 tamasha la miti ya Krismasi iliyopambwa na kuuzwa kwa ajili ya hospitali ya watoto ya Primary Children's, na miti mingi hupambwa na familia kwa kumkumbuka mtoto waliyempoteza. Sioni haja ya kuiga miti. Lililo muhimu ni kwamba aliyewahi kuumia ndiye anayepewa kazi ya mbele, na hilo linaeleza kwa nini jambo hilo limedumu zaidi ya nusu karne.

Kitu kimoja tamasha la Desemba linaweza kukifanya kuliko fedha, nacho ni kukusanya damu. Kwa miaka mingi huduma ya damu nchini imewategemea sana wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hushuka, wakati ambapo ajali za barabarani za sikukuu huongeza mahitaji. Ufadhili wa Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, ulipokoma mwaka 2019, pengo liliongezeka. Mtoto mwenye saratani ya damu huhitaji si damu tu bali pia chembe za kugandisha damu, na chembe hizo zikishatengwa huhifadhika kwa takriban siku tano. Maana yake ni kwamba haiwezekani kuzikusanya nyingi siku moja na kuziweka mpaka Januari. Lazima watoaji waje kwa zamu. Watu elfu moja wakifika uwanjani, sehemu yao wenye umri na uzito unaofaa wanaweza kutoa damu siku hiyo, na wengine wakaandikishwa kwa tarehe maalumu katika wiki za Desemba na Januari, kila mmoja akitumiwa ujumbe zamu yake ikifika. Kazi hii haihitaji mfadhili mkubwa. Inahitaji meza, orodha, na mtu wa kujitolea mwenye bidii ya kupiga simu.

Picha za watoto sitaziongelea kwa kirefu, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi kwangu. Mtoto mwenye mrija puani asiwekwe kwenye bango. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, lakini mzazi anayedaiwa bili hayuko huru kukataa, na mtoto huyo, Mungu akimjalia kupona, atakuwa kijana wa sekondari ambaye wenzake wataipata picha hiyo kwenye simu.

Lililobaki ni hesabu, na hapa ningebadilisha desturi. Badala ya kutangaza jumla usiku wa mwisho huku muziki ukivuma, kamati itangaze kwamba taarifa kamili itasomwa Juni, hadharani, katika ukumbi ulio karibu na hospitali, wazazi wakiwa wamealikwa na kurudishiwa nauli. Isomwe ni kaya ngapi zililipiwa SHA, ni safari ngapi zilizotumiwa nauli, ni watoto wangapi walikosa kliniki na waliporudiwa kwa simu walisema nini, ni watoaji damu wangapi walifika kwa zamu zao, na ni kiasi gani kilichobaki benki kwa miezi sita iliyosalia. Afisa wa ustawi wa jamii aeleze ni maombi gani aliyakataa na kwa nini. Kamati itakayokaa pale mbele na kujibu maswali hayo ipewe uwanja tena Desemba, na mimi mwenyewe nitapanga foleni kununua tiketi yake.